Mgando, Vidonge na Kopo la Tapeli

Mwaka 2019, nikiwa na miaka sitini na moja, dunia nzima ilianza kunitia kichefuchefu. Nilikuwa nimehama Igunga, nimejenga hapa mtaani Gongoni, nyumba ya vigae, kwa jasho langu. Shule niliacha darasa la tatu, lakini sijawahi kumwomba mtu chumvi. Na bado, ndugu zangu, nilikaa humo ndani nikichukia kila kitu: harufu ya chakula, sauti za wajukuu, mwili wangu mwenyewe. Kooni zilipita soda na biskuti tu. Tumbo likafunga, usingizi ukaenda zake.

Hospitali wakaiita sonona, wakanipa vidonge. Nilipoanza kupata nafuu, akaja mtu mlangoni, shati jeupe, shikamoo nyingi mno. Akasema akili ya mtu inakaa tumboni, na kopo lake lina bakteria wazuri wa kuisafisha, mradi niache vidonge. Nikaacha. Unga wake nikaukoroga kwenye uji unaochemka, maana kwetu kitu cha mgeni hakiingii kinywani bila kupita motoni. Ulinuka kama soksi. Nilikunywa mpaka kopo likaisha, na giza likarudi kuliko mwanzo. Nikaanza kuitazama kamba ya ng'ombe kwa jicho lisilofaa. Nalisema waziwazi kwa sababu humu tulimokusanyika huenda yupo anayeitazama ya kwake. Asikae nayo peke yake.

Dada yangu akaja kutoka Igunga, akanitazama usoni mara moja. Kamba akaiondoa, mimi akanirudisha kwa daktari. Daktari aliposikia habari ya uji akaweka kalamu chini.

"Babu, kama mle kulikuwa na kiumbe hai, umekipika."

Akanieleza kwamba tumbo na akili vina mawasiliano yao, wataalamu bado wanayachunguza. Maziwa ya mgando, maharage, michembe yetu ya viazi vitamu vilivyokaushwa, huenda vikasaidia, lakini haviwi badala ya vidonge, na vyangu akanirudishia.

Nyumbani dada akanimiminia mgando kutoka kwenye kibuyu. Nikamwambia huo mgando unanichefua.

"Tapika kaka, halafu unywe. Sijapanda basi kuja kubembeleza mzee."

Nikanywa. Kila mlo tulikula sahani moja, maana kwetu mgonjwa hali peke yake. Siku moja nikajikuta nagombana naye kwa kipande cha mwisho cha mchembe, naye anacheka huku analia. Hapo nikajua nimerudi.

Kilichoniponya ni vidonge, ni mgando, au ni matusi ya dada? Sijui. Anayewaambia anajua kwa hakika, na kopo analo mkononi, mfukuzeni. Mimi yule mtu ananitia kinyaa mpaka leo, na msamaha wake sijaupata moyoni.

Namshukuru dada. Namshukuru daktari. Nanyi mlionisalimia nilipokuwa siitikii, asanteni. Kuleni vizuri, ila dawa aliyokupa daktari, aiondoe daktari.

Leo nina nyumba Gongoni, shamba la mpunga Igunga, ng'ombe wanane, baiskeli, na usingizi.