Gauni la Ihirwe

Kitu gani kinakua pamoja na mtoto, na hakili ugali?

Fundi wa nguo Marie-Jeanne ndiye aliyemtegea bibi Mukamurenzi kitendawili hicho, ndani ya basi la kutoka Kamanyola.

"Weye mama, uniache!" bibi akamjibu. Akiba yake yote ilikwenda kwenye gauni la marki, la kampuni yenye jina, alilolichagua kwenye baloti la mitumba, mjukuu wake Ihirwe aimbe nalo kanisani Jumapili, na sasa aliliona fupi. "Magoti ya mutoto itabaki inje, na uko unacheka!"

"Geuza kule chini. Wenye kushona za feki wanaiba kitambaa. Marki ya kweli, hapana."

Mukamurenzi akapapasa. Pindo lilikunjwa ndani, upana wa vidole vinne vizima, la kufunguliwa kidogo kidogo. Basi likasimama Nyamianda, kituo chake, naye akasahau kushuka.

"Ni gauni!" akapaza sauti. "Gauni ndiyo inakua!"