Siku Nilipofungua Kitambaa cha Ombeni

Bwana apewe sifa, kanisa. Apewe na nyie mlioketi ndani, apewe na akina mama mlioko nje kwenye mabenchi na watoto wachanga. Nyie wa nje ndio nawataka zaidi leo, kwa hiyo sogeeni mlangoni, na mtoto akilia mwacheni alie. Mimi sauti ya mtoto anayelia hainisumbui tena, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Wengi mnanijua kama Mama Ombeni wa Makanyagio, yule anayekaanga maandazi ubavuni mwa duka la Mama Zuhura. Kabla ya hapo mlinijua kama mke wa Yusufu asiyezaa. Msiangalie chini, nilikuwa nasikia. Tulikaa kwenye ndoa muda mrefu mpaka mchungaji akiita wenye watoto wa kubarikiwa waje mbele, mimi nainama kama nafunga kamba za viatu, na miguuni nimevaa ndala.

Kwa hiyo mimba iliposhika, furaha ilikuja na woga kwa pamoja, halafu furaha ikaondoka, woga ukabaki. Niliogopa kubeba ndoo. Niliogopa kupanda boda. Mtu akiniambia tumbo limekuwa kubwa, naogopa. Akiniambia mbona dogo, naogopa zaidi. Yusufu mume wangu alikuwa ananicheka, anasema, "Mke wangu, utamzaa mtoto akiwa anatetemeka." Lakini usiku nilikuwa namsikia na yeye anaomba chini chini.

Siku ya kujifungua sitaisimulia yote. Akina mama mnaijua, na akina baba hamtaielewa hata nikisimulia mpaka jioni. Nitasema hili tu: mtoto alitoka kimya. Nilisikia wauguzi wanaongea haraka haraka, wanamsugua, na mimi naangalia dari, nasema moyoni, Bwana, usinifanyie hivi. Ndipo akalia, sauti nyembamba kama ya kitoto cha paka. Wakasema ni wa kiume. Nililia mpaka nikakwama pumzi.

Tuliporuhusiwa, muuguzi alituelekeza mimi na mama mkwe wangu. Kitovu kiacheni wazi, kikauke chenyewe, msipake kitu, msifunge kitu. Nikaitikia, mama mkwe akaitikia. Ndugu zangu, tulitoka kwenye lile geti na maneno yale tukayaacha pale pale getini.

Maana kwetu huku mtoto wa kiume akizaliwa, kuna jambo linalotisha kuliko homa. Kile kikonyo cha kitovu kikikauka kitadondoka, na ole wenu kidondokee kwenye uume wake. Kikigusa pale tu, wanasema, huyo mtoto amekwisha, akikua hatapata mtoto maisha yake yote. Mmeambiwa na bibi zenu, nami nimeambiwa na wangu. Naona vichwa vinaitikia huko nyuma.

Sasa mama mkwe wangu si mtu mbaya, na mtu yeyote asitoke hapa akimnyooshea kidole. Yule pale amekaa, na yeye ndiye aliyeniruhusu niseme. Mtoto wake wa kwanza ni shemeji yangu, anavua samaki kule Kapalamsenga. Shemeji ameoa siku nyingi na hajabahatika kupata mtoto. Naye amesema, semeni tu, si siri. Kilichokuwa siri ni hiki. Shemeji akiwa mchanga, mama alirudi kutoka kulima, akalala kwa uchovu na mtoto ubavuni. Alipoamka alikuta kitovu kimedondoka pale pale panapoogopwa. Akakificha. Hakumwambia mume wake wala mama yake. Mtoto akakua, akaoa, nyumba ikakaa kimya, na mama akabaki anajua kwamba ni yeye aliyemwua mwanawe akiwa hai. Hivyo ndivyo alivyoamini miaka yote ile.

Kwa hiyo tulipofika nyumbani na Ombeni, mama alichana kitenge chake kipya. Akachukua ukanda mpana, akamzungushia mtoto tumboni mara kadhaa, akafunga fundo mgongoni. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kisifunguliwe. Kitovu kikidondoka, kidondokee humu ndani ya kitambaa. Mimi nimeshaona nilichokiona." Hakueleza zaidi. 

Na msidhani nililazimishwa. Mimi ndiye niliyezidi. Mama alifunga fundo moja, mimi nikaongeza la pili. Nilimbadilisha mtoto nepi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota yai, na kitambaa sikukigusa. Akikojoa, kitambaa kinaloa, nakiacha kikaukie hapo hapo. Kuogeshwa, tulimpangusa uso na miguu tu. Yusufu akitaka kumbeba namwambia, "Baba, utamtikisa." Nilikuwa sioni mtoto tena. Nilikuwa naona kitovu. Mtoto niliyemlilia miaka yote ile, na mimi nalinda watoto wake ambao hawajazaliwa.

Harufu ilianza kidogo kidogo. Nilijiambia ni mkojo. Kesho yake nikajiambia ni kitovu kinaoza, si lazima kioze ndipo kidondoke? Nikampaka mafuta ya nazi shingoni, nikamfunika vizuri. Halafu akaanza kunyonya kivivu. Ananyonya kidogo, anaachia, analala. Nikasema mtoto mpole huyu, kamfuata baba yake. Ndugu zangu, woga ukishakaa ndani ya mtu unamfundisha kujidanganya, na unamfundisha vizuri. Ndani kabisa nilijua kitu hakiko sawa. Niliogopa kujua, basi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mama mkwe alikuwa amekwenda Ilembo kuangalia mahindi yake yaliyoanikwa, Yusufu yuko kazini. Mimi nimekaa kitandani na mtoto mapajani, mlango umerudishwa. Ndipo Mama Zuhura akaingia. Huyu si wa kanisa letu, ni Mwislamu, wengi mnamjua, duka lake na chumba chetu vimegawanywa na ukuta mmoja. Aliingia bila hodi, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akasimama pale akiwa ameshika kopo la kupimia sukari.

"Mama Ombeni, mbona leo simsikii mtoto?"

Nikamwambia amelala.

"Na jana pia alikuwa amelala? Mimi ukuta ule ndio redio yangu. Tangu jana mchana umenyamaza."

Akaweka mkono kwenye paji la mtoto, akauondoa haraka. Akamgusa mguu, akasema miguu ya baridi na kichwa cha moto. Halafu akanusa. Akaangalia tumbo la mtoto, akaona kile kitenge kimekuwa cheusi upande mmoja. Akaniambia, "Fungua hapa."

Nikasema siwezi. Nikamweleza kitovu bado, kitadondoka vibaya. Ndugu zangu, Mama Zuhura hakunicheka. Ana watoto wa kiume watatu, woga huo anaujua. Alikaa karibu yangu akasema taratibu, "Mdogo wangu, ukimzika atakuzalia wajukuu gani?"

Nilitaka kumfukuza. Nawaambia ukweli, nilitaka kumtupia kitu. Mkono wangu ulikwenda kwenye fundo ukarudi. Ukaenda ukarudi. Nilikuwa natetemeka meno yanagongana na nje wala hakuna baridi kubwa. Nilimwona shemeji na nyumba yake ya kimya. Nilimwona mama mkwe anarudi kutoka Ilembo ananiuliza, nilikwambia nini? Halafu nikamwangalia Ombeni usoni. Midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yake yalifunguka nusu, hayaniangalii mimi wala hayaangalii kitu.

Hapo ndipo niliomba maombi ambayo sikuwahi kuyaomba. Si yale marefu ninayoyaomba hapa Jumapili mkisikia. Nilisema, "Bwana, kidondoke kinapotaka kudondoka. Wajukuu sitaki. Nataka huyu." Nikafungua fundo langu, nikafungua fundo la mama.

Kitambaa kilikuwa kimeshika ngozi. Tulikilowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka kikaachia. Sitaeleza sana nilichokiona, kuna watoto hapa. Pembeni ya kitovu pote pamekuwa pekundu, pamevimba, usaha unatoka, na kikonyo chenyewe kinaning'inia kwa uzi mmoja. Mama Zuhura alishatoka mbio kwenda kusimamisha bajaji, duka ameliacha wazi.

Njia nzima ya kwenda hospitali ilikuwa matope. Dereva anakwepa shimo hili anaingia lile, na kila tukiruka mimi naangalia kile kikonyo. Ndiyo, bado. Nimeshaomba, nimeshamwachia Mungu, na macho bado yanaangalia pale pale. Msije mkadhani woga unatoka kwa ombi moja kama pepo kwenye mkutano. Mimi wangu ulipanda bajaji pamoja nami.

Hospitali walimpokea palepale. Muuguzi alimlaza mezani, akamvua kila kitu, akamnyanyua miguu apate kupima joto. Na wakati huo huo, ndugu zangu, mlango ukafunguka, mama mkwe akaingia na kanga zake zinachuruzika maji, jirani alishampigia simu. Alifika mezani akainama, na akiwa ameinama hivyo, kitovu kikadondoka. Kikadondoka pale. Si kando, si karibu. Pale pale.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akakaa chini sakafuni. Mimi nilisimama, nikasubiri moyo wangu upasuke, na haukupasuka. Nilimwangalia mtoto kama bado anapumua. Alikuwa anapumua. Nikagundua kwamba hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

Muuguzi wala hakushtuka. Alikiondoa kwa pamba akakitupa, akaendelea kutafuta mshipa wa kuchoma sindano. Baadaye, mtoto alipokwisha kupata dawa, alichuchumaa chini kwa mama akamwambia, "Mama yangu, kitovu hakina macho wala nguvu. Kinadondokea popote. Ingekuwa kweli, hapa Mpanda kungebaki watu wangapi? Kinachoua watoto ni hiki kidonda kilichofunikwa."

Mama akamwuliza swali moja. "Hata yule wa zamani?"

Muuguzi hakujua anamwuliza kuhusu nani. Akajibu, "Hata wa zamani, mama." Na mama akalia kwa namna nyingine, pale pale sakafuni, na hapo ndipo aliponisimulia habari za shemeji ambazo nimewaambia.

Tulikaa wodini siku kadhaa, na hizo ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Ombeni hakunyonya. Walimpitishia mpira puani, mimi nakamua maziwa kwenye kikombe. Kitanda cha pili mama mmoja aliondoka bila mtoto wake, na nikamwona akikunja zile nguo ndogo. Niliogopa kwenda chooni nisije nikarudi nikakuta wamemfunika. Yusufu alikuwa anasimama dirishani nje, anauliza kwa vidole, vipi? Namjibu kwa mkono, bado. Mama mkwe alikaa na mimi, na kila muuguzi akija kusafisha kitovu, yeye ndiye anayemfunua mtoto.

Halafu asubuhi moja mama anambadilisha nepi, amemwinamia karibu kabisa kama kawaida yake, Ombeni akakojoa. Mkojo ulipanda juu ukampata mama usoni, kwenye miwani. Na kwa ile baridi ya kufunuliwa, mtoto akafungua mdomo akalia. Alilia kwa hasira, amekuwa mwekundu, anapiga miguu, wodi nzima ikageuka. Mama akiwa bado anachuruzika mkojo akasema, "Lia, baba. Lia, mume wangu. Watukane kabisa." Nikamweka kifuani, akanyonya. Tulicheka na kulia mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Ndugu zangu, Mungu amenirudishia mwanangu. Alimtumia Mama Zuhura na kopo lake la sukari, akawatumia wauguzi na dawa, na sioni haya kuyataja yote hapa madhabahuni, kwa sababu yote ni yake. Tuliporuhusiwa, mama alipanda gari kwenda Kapalamsenga. Alikwenda kumwambia shemeji jambo alilolificha tangu huyo mwanawe akiwa kitoto. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado ameshika wavu wake. Akamwambia, "Mama, kumbe ndiyo maana hujawahi kukaa kwangu ukalala hata siku moja?" Akamwambia mkewe aandae kitanda. Mama alikaa huko mpaka tukaanza kumkumbuka.

Mtaniuliza, je, Ombeni akikua atapata watoto? Sijui. Mwanangu ndiyo kwanza anaota meno. Kuna siku woga unarudi unakaa mlangoni, na mimi namwambia Bwana, hilo lilishakuwa lako, mimi nilikuomba huyu. Halafu naendelea kukaanga maandazi.

Basi nyie akina mama wa nje, na nyie wa ndani pia. Kama kuna kitu umekifunga kwa woga, na kinaanza kunuka, na wewe unajiambia ni kawaida, usisubiri mvua wala jirani. Kifungue leo mbele za Bwana. Utatetemeka, mimi nilitetemeka. Yeye aliyeishika mikono yangu ataishika na yako. Kama ni mtoto, mfungue halafu mkimbize hospitali, nami nitakusindikiza.

Mama, simama wakuone. Mnyanyue Ombeni. Mpandishe shati, tumbo likae wazi, waone kitovu chake. Na mtoto akilia, ndugu zangu, naomba mtu yeyote asimnyamazishe.