Dada Yetu na Vipimo Vilivyotupwa

Marehemu dada yangu, ambaye nusu yenu hapa mlimwita Nyundo na nusu nyingine mlimwogopa, alizaliwa Alhamisi tarehe 3 Aprili 1969, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Tulizaliwa wawili tu, yeye kifungua mimba, mimi kitinda mimba. Mama anasema alitoka ngumi zimekunjwa, na sikumbuki siku aliyozikunjua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976. Mwaka 1981 mvulana mmoja alimchania daftari la hesabu, naye akamng'oa meno mawili. Baba alipoitwa, mwalimu wa hesabu alimwambia, "Mzee, huyu niachie mimi. Kwa watu ana makosa, kwa hesabu hana." Baba akamchapa hata hivyo, kwa mkanda wa feni. Aliongoza darasa lake mpaka akahitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1992.

Mwaka 1995 aliajiriwa na taasisi inayochunguza barafu ya ncha za dunia. Msidhani ni barafu ya kutia kwenye kinywaji. Hii ina unene wa kilomita mbili tatu, inajiburuta kwenda baharini, na ikipasuka inameza watu. Kazi ya dada ilikuwa kutengeneza modeli ya barafu hiyo kwenye kompyuta: unailisha vipimo, inakwambia kesho itakuwaje.

Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi aliyekwenda hukohuko barafuni kuchomeka vigingi na kupima imesogea kiasi gani. Walizozana mpaka majirani wakazoea.

"Kompyuta yako haijawahi kuganda vidole," shemeji alikuwa akisema.

"Na vidole vyako havijui kujumlisha," dada alimjibu.

Walipendana hivyo hivyo, wakajaliwa binti mmoja.

Tarehe 12 Januari 2011 barafu ilipasuka chini ya hema la shemeji. Modeli ilikuwa imesema eneo lile lingetulia msimu mzima. Alianguka mita thelathini, mbavu za upande mmoja zikavunjika zote, na waliomtoa walilazimika kukata barafu kwa shoka. Mwili niliuona mimi. Sitaeleza zaidi, maana mama amekaa hapa mbele.

Wiki mbili baadaye dada alifungua orodha ya vipimo ambavyo kompyuta ilikuwa imevikataa. Vilikuwa vya mumewe. Siku kumi na tisa mfululizo alikuwa akituma habari kwamba barafu inakimbia mara tatu ya kawaida. Lakini programu ilikuwa na chujio: kipimo kikitofautiana mno na matarajio ya modeli, kinahesabiwa ni kosa la kifaa na kinatupwa.

Mkuu wake akasema, "Kifaa kiliganda tu. Tusiharibu modeli nzuri kwa namba za mtu mmoja."

Dada alimpiga kibodi ya uso hadi ikakatika vipande viwili. Mkuu alishonwa nyuzi saba, dada akasimamishwa kazi miezi mitatu. Simtetei, ila machozi hayakunitoka.

Alirudi amekuwa mbogo. Alipigana miaka sita hadi utaratibu ukageuzwa: kipimo kisitupwe mpaka mtu akitazame kwa macho yake na kuandika sababu, na modeli ikipishana na kipimo, ishukiwe modeli kwanza. Machi 2017 aliilisha modeli mpya vipimo vyote vya shemeji, akaificha siku ya ajali, akaiuliza. Ikaonyesha barafu ikivutwa na kuchanika palepale penye hema. Dada alipiga ukuta wa ofisi ngumi, akavunja vidole viwili.

Uvimbe wa kichwani uligunduliwa Agosti 2022. Alipambana nao kwa dawa, kwa matusi, na kwa kumrushia muuguzi sahani. Wiki ya mwisho alinikaba ukosi wa shati, akanivuta.

"Lile chujio nililiandika mimi. Mtoto nilimwambia barafu ndiyo imemuua baba yake. Nimeshindwa kumwambia ukweli. Utausoma wewe siku ya kunizika."

"Dada, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Ukiruka hata neno nitatoka huko nije nikunyonge."

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Sikuthubutu kumshtukiza mpwa wangu. Jumanne, kabla ya kuchapisha, nilimpa ukurasa huu. Aliusoma amesimama. Alinizaba kofi, akaupiga mlango teke ukang'oka bawaba, akatoka. Baada ya saa nzima alirudi, macho yamevimba.

"Mjomba, usifute kitu," akasema.

Marehemu ameacha mama, mdogo wake ambaye ndiye mimi, na binti yake. Mungu ampumzishe kando ya mumewe. Sote tutaitikia amina. Wewe, mpwa wangu, si lazima uitikie leo.