Marlys Hrynchuk na Dubu Aliyetoa Siri

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Marlys Hrynchuk anastaafu tarehe 30 Juni. Wafanyakazi wote wa maabara yetu ya ushahidi wa kidijitali hapa Winnipeg wanaalikwa kumuaga ukumbini siku hiyo mchana. Pirogi zake, yale maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, zitakuwepo, na safari hii ameahidi kutozificha nyuma ya maziwa kwenye friji.

Marlys alianza kama fundi wa simu huko Dauphin, akipanda nguzo katika baridi inayogandisha kope. Alipohamia kwetu, kazi ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao haikuwa hata na meza. Alipewa kona kando ya mashine ya kahawa. Tangu hapo amefundisha nusu ya idara na kusimama mahakamani mara nyingi kuliko yeyote kati yetu. Asubuhi moja ya Januari alisahau kuchomoa waya wa umeme ambao huku hupasha injini ya gari moto usiku wa baridi, akauburuta hadi kazini pamoja na kipande cha soketi ya jirani. Jirani alipopiga simu akifoka, Marlys alimwambia, "Njoo uuchukue ushahidi wako, bwana, nimeshaufungia kwenye mfuko."

Lakini anayetaka kumjua Marlys na asimuliwe kisa cha dubu. Mama anayehusika ameturuhusu tukieleze. Jina lake na la mtoto tumeyabadilisha.

Ilse alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akamchukua binti yake Linnea, mtoto wa miaka mitano. Wakapokelewa katika nyumba ya hifadhi ya wanawake huko Brandon. Haukupita muda, gari la mume likaonekana limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Wakahamishiwa mji mwingine, akawafuata. Wakahamishwa tena. Anwani za nyumba hizo huzijua watu wachache mno, basi macho yote yakamgeukia Verna Fehr, mfanyakazi aliyepanga safari zao. Verna akasimamishwa kazi. Wenzake waliokula naye miaka mingi wakaacha kupokea simu zake.

Marlys alipewa simu na kompyuta ya Verna azichunguze. Hakukuta kitu.

"Tafuta tena, Marlys," mpelelezi wa kesi alimhimiza. "Lazima kuna kitu."

"Kwa Verna nimemaliza," alijibu. "Sasa niache nikasikilize ile nyumba yenyewe."

Akaendesha gari hadi kwenye nyumba ya tatu, akaunganisha chombo chake na mtandao wa pale, akaanza kurekodi kila kilichoingia na kutoka. Ujumbe mwingi ulikuwa umefungwa kwa namba za siri, hausomeki. Lakini hata bahasha iliyofungwa ina anwani juu yake, na saa ilipopitishwa mlangoni hujulikana. Mchana, wanawake walipokwenda mezani na kuacha simu zao kikapuni zimezimwa, kitu kimoja kiliendelea kutuma. Marlys akapita chumba hadi chumba akizima vifaa, huku jicho lake likiwa kwenye kioo cha kompyuta. Mwisho akasimama mbele ya kitanda cha Linnea. Juu ya mto alikaa dubu wa kitambaa anayesimulia hadithi za kulalia, zawadi kutoka kwa baba. Kila walipohama, Ilse alimuunganisha na mtandao ili mtoto apate usingizi. Akaunti ya dubu ilikuwa mikononi mwa baba, na kila dubu alipounganishwa alimwonyesha baba huyo mahali walipo.

Ilse aliketi sakafuni. "Ni mimi," alisema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimwita."

Marlys akaketi kando yake. "Wewe ulikuwa unambembeleza mwanao, mama. Aliyetega mtego ni mwingine."

Hapakuwa na nafasi ya kulia. Dubu akinyamaza, yule bwana angejua amegunduliwa. Kwa hiyo ikaamuliwa watu wote wa nyumba ile waondoke mchana uleule, na dubu abaki akiendelea kutuma, awe chambo. Shida ikawa Linnea, aliyemkumbatia dubu wake na kugoma kumwachia. Marlys akapiga magoti.

"Bibi, dubu wangu amefanya kosa?"

"Hapana, mwanangu. Ana kitu tumboni kisichofaa. Lazima kitolewe."

"Akipasuliwa atalia?"

Marlys hapendi kuwadanganya watoto. Akamwambia, "Sijui, mpenzi. Lakini nitakuwa naye."

Linnea akampa.

Mume alifika akakuta polisi. Mahakamani wakili wake alimkejeli Marlys kwamba hajasoma ujumbe hata mmoja wa dubu. "Sikuhitaji kusoma," alisema. "Kila mara simu ya mteja wako ilipouliza dubu yuko wapi, dubu alijibu papo hapo. Kumbukumbu za watengenezaji wa dubu zinaonyesha vivyo hivyo." Mume akafungwa.

Verna aliombwa radhi na kurudishwa kazini. Alirudi, ila kwa muda mrefu alikula chakula chake cha mchana peke yake ndani ya gari. Marlys alikwenda mara kadhaa kukaa naye humo. Walizungumza nini, hajatuambia, nasi tumejifunza kutouliza.

Kesi ilipofungwa kabisa, Marlys aliomba ruhusa ya mahakama, akatoa kile kifaa tumboni, akamshona dubu kwa mkono wake. Mshono ulikwenda upande. Akamkabidhi wakili wa Ilse ampeleke kwa Linnea.

Wanaishi wapi sasa? Sisi hatujui. Marlys, ambaye angeweza kumpata karibu mtu yeyote nchini akiwa kitini pake, naye hajui. Katika miaka yote hii hajawahi kutafuta.

Asante, Marlys, kwa ulichokipata na kwa ulichokiacha bila kukigusa. Nenda ukapumzike ziwani kwenu, ulale usingizi mnono. Tunakuombea siku njema, nyingi na tulivu.

Desmond Kuchma, kwa niaba ya wenzako wote