Marehemu Palepale na Usiku Mmoja Uliochukua Miaka Tisa

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala. Walimfuata wadogo wawili: fundi bomba aliyekaa pale mbele, na mwalimu anayewasomea wasifu huu. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alianza kukagua vifungo kabla hajajua kuvihesabu. Alipopewa gauni la mteja amalizie pindo, lilirudi na maneno: "Mama, kifungo cha tatu si ndugu wa hivi vingine." Mama alichungulia, akakuta ni kweli, akakishona upya huku akinung'unika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1975 hadi Novemba 1981, kisha sekondari ya bweni hadi mwaka 1985. Akiwa kidato cha pili, siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alisoma taarifa ya maendeleo mbele ya wazazi. Marehemu alisimama. "Samahani, mwalimu. Hiyo ni taarifa ya mwaka jana. Hata mwaka jana ulisema paa la bweni litaezekwa mwezi ujao." Shule ilipofunguliwa alifyeka uwanja wiki nzima. Jumatatu iliyofuata aliitwa ofisini, akaulizwa kama amejifunza kitu. "Ndiyo, mwalimu," alisema. "Paa bado." Alifyeka wiki ya pili. Cheti chake cha utunzaji wa kumbukumbu alikipata Novemba 1988, akiwa wa tatu darasani.

Tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa katika masjala ya ofisi ya ardhi, akafanya kazi humo miaka thelathini. Masjala hiyo ilikuwa chumba cha chini ya ardhi, chenye rafu za chuma, feni moja yenye kelele, na madirisha mawili madogo karibu na dari. Watu walioshuka ngazi wakidai majalada yao yamepotea walipanda nayo mikononi. Wengine hawakufurahi, maana walikuwa wametaka yapotee. Hakupokea zawadi ya mtu. Hilo lisemwe hapa, kwa sababu siku hizi halisemwi kwa wengi.

Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1994, alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, mwenye maneno machache. Walijaliwa binti, ambaye leo ni nesi, na mwana, ambaye ni dereva wa winchi bandarini. Nyumbani kwao kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kikisogezwa ilijulikana. Siku moja aliingia kutoka kazini, akasimama katikati ya sebule, akauliza nani amesogeza kiti. "Mke wangu," mumewe alimjibu, "hicho kiti kimekaliwa. Viti hukaliwa. Hapa tunaishi, hatutunzi majalada." Marehemu alicheka, akakirudisha.

Sasa ni lazima kueleza habari ya filamu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa miaka yake ya mwisho.

Jumamosi ya tarehe 10 Mei 2014 walifika masjala watu watano wenye kamera moja na kibali cha mkuu wa ofisi. Kiongozi wao alikuwa mpiga picha za harusi aliyeamua kuongoza filamu ya kubuni kuhusu utafutaji wa viumbe wa sayari nyingine, iitwayo Zamu ya Kusikiliza. Hadithi yake si ngumu. Katika kituo cha kusikiliza anga, mtu wa zamu anasikia kwenye mashine mlio unaojirudia kutoka nyota ya mbali, kama mtu anayebisha hodi. Ana muda hadi alfajiri kuamua aitikie au anyamaze. Yote hayo yanatokea usiku mmoja, katika chumba kimoja. Kwa kuwa ofisi ilitolewa mchana tu, madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Baadaye mume wa Marehemu aliwachomelea sahani kubwa ya kunasia mawimbi, kwa vyuma vya kitanda kilichovunjika.

Siku hiyo ya kwanza Marehemu alikuwa amepewa kazi moja, kukaa mlangoni na kuangalia wasiguse majalada. Kufika saa sita aliinua mkono.

"Samahanini. Huyu baba alipokuwa ameketi, mkono wa shati ulikuwa umekunjwa. Sasa amesimama, umekunjuliwa. Nani ameukunjua?"

Mwongozaji alirudisha picha nyuma kwenye kamera, akaitazama, akavua kofia. Jumamosi iliyofuata Marehemu alikuwa na daftari na cheo: mwangalizi wa mwendelezo. Huyo ni mtu anayehakikisha kwamba kilichoonekana kwenye picha moja kimebaki vilevile kwenye picha inayoifuata, hata kama kati ya picha hizo mbili umepita mwaka mzima.

Na miaka ilipita kweli. Kamera iliharibika, ikatengenezwa, ikaibwa. Mwigizaji mkuu, ambaye ni dereva wa lori la maji, alihamishwa kituo mara mbili. Kuna mwaka walipiga picha Jumamosi tatu tu. Kila waliporudi, Marehemu alifungua daftari, akaelekeza kwa kidole: birika, rudisha palepale, penseli, rudisha palepale. Ndipo wakamwita Palepale, na jina likamfuata mpaka sokoni. Dereva aliporudi kutoka kituo cha pili akiwa amejaa shavu na tumbo, Palepale alimzunguka mara moja.

"Shemeji, usiku mmoja mtu hanenepi kilo kumi na mbili."

"Dada, kwani hao viumbe wananijua nilivyokuwa mwembamba?"

"Mimi nakujua. Punguza."

Alipunguza. Ilimchukua miezi saba.

Sisi wengine katika familia tulimwambia waziwazi kwamba mtu mzima hapotezi Jumamosi zake kwa viumbe ambao hakuna aliyewaona. Alijibu kwamba yeye hajui kama wapo, lakini kikombe kipo, na kikombe kimehama.

Oktoba 2021 miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walikuta figo zote mbili zimechoka. Kuanzia Januari 2022 alisafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, kwenye kiti cha plastiki cha kijani, chini ya televisheni isiyo na sauti. Siku ya Jumamosi alikwenda kwenye filamu na kigoda chake. Aliporudi alilala na viatu, na mumewe akamvua. Hatuna la kupamba hapo. Ugonjwa huu unamchosha mgonjwa, halafu unamchosha anayemuuguza, halafu unaanza upya Jumanne.

Juni 2023 daktari alimkataza kutoka, isipokuwa kwenda hospitali. Filamu ilikuwa imebakiza onyesho moja, la mwisho. Masjala ilikuwa imeshapakwa rangi mpya na rafu kuondolewa, hivyo chumba kilitakiwa kujengwa upya katika ukumbi wa chuo cha ufundi, kwa kufuata madaftari yake saba.

Mwongozaji alikuja nyumbani Jumapili, tarehe 6 Agosti, na tena Jumatano, tarehe 9. Mara zote mbili mdogo wake Marehemu, aliyekuwa akimuuguza, alimwambia mlangoni kwamba mgonjwa amelala. Hakuwa amelala. Ulikuwa uongo, tena umesemwa na mtu aliyefundisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na sita kwamba hakuna uongo mdogo. Unasomwa hapa leo kwa sababu wasifu huu ukiuficha, utakuwa uongo wa tatu.

Mara ya pili Marehemu alisikia.

"Nani huyo?"

"Mwongozaji."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia umelala."

"Mdogo wangu, kuna neno nataka kumwambia yule kijana kabla sijafa. Na wewe umekaa mlangoni kama kufuli."

"Ukiongea unachoka, dada."

"Nimeshachoka. Nisiposema, nitachoka mara mbili. Mwite."

Aliitwa, akaja kesho yake, Alhamisi. Marehemu aliomba apewe daftari la nne, akalifungua pasipo kutafuta.

"Hapa," alisema. "Machi 2017 mtu wa zamu anainuka kitini, saa ya ukutani ni saa saba na nusu. Anapofika dirishani, kipande tulichokipiga Novemba, saa inasema saa saba na dakika kumi. Muda umerudi nyuma. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Wiki ile ya Machi tulikuwa tumemzika mama, lakini hiyo si sababu. Niligundua mwaka uleule, nikanyamaza."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Aibu. Nimemnyima dereva chakula miezi saba, nimewasumbua nyote kwa penseli na vijiko. Halafu niseme mimi mwenyewe nimekosea saa?"

Mwongozaji alikiri kwamba hakuwahi kuliona kosa hilo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono kati ya magoti. Akasema hawawezi kurudia, chumba hakipo tena. Marehemu akasema anajua hakipo, ndiyo maana hapati usingizi. Kisha mwongozaji aliuliza: itakuwaje kama katika onyesho la mwisho mtu wa zamu ataitazama saa ile, aseme kwamba ilirudi nyuma?

Marehemu alifumba macho. "Huo si ujanja? Muulize mwalimu."

Mdogo wake alikuwa amesimama hapo na glasi ya maji. Alisema kwamba kosa likifichwa ni uongo, na likisemwa mbele ya watu wote ni kukiri. Lakini mwigizaji aseme waziwazi, asilifanye mzaha.

"Umesikia?" Marehemu alimwambia mwongozaji. "Asifanye mzaha."

Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2023, hakuweza kunyanyuka. Madaftari yake yalikuwa yameandikwa kwa herufi ndogo mno na vifupisho vya masjala, na aliyeweza kuyasoma alikuwa mmoja tu. Mdogo wake aliposoma stashahada, vitabu vilikuwa havipatikani; Marehemu aliazima vya wenzake na kumnakilia sura nzima nzima kwa mkono, kwa vifupisho vilevile, miaka miwili. Kwa hiyo siku hiyo aliyesimama ukumbini na daftari, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hakuwa mpenzi wa filamu. Vitu arobaini na vitatu viliwekwa mahali pake.

Dereva wa lori alimtazama kwa wasiwasi. "Mwalimu, na wewe umekuja kunipima kiuno?"

"Funga kifungo cha juu."

"Basi hawa wamezaliwa tumbo moja," dereva aliwaambia wenzake, akafunga.

Kisha alikaa mbele ya mashine, akavaa visikilizio, akainua macho ukutani. Hakufanya mzaha. Alisema, "Saa hii ilirudi nyuma dakika ishirini. Niliona, nikanyamaza." Akakaa kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, halafu akashika kitufe na kuitikia ule mlio wa mbali. Ukumbini hakuna aliyesogea mpaka mwongozaji alipokumbuka kuizima kamera.

Jumapili mwongozaji alimletea Marehemu onyesho hilo kwenye simu. Aliliangalia mara tatu, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto. Hakusifu. Alimuuliza mdogo wake kama kola ilitazamwa, akaambiwa ilitazamwa. Akauliza kama dereva alikuwa amekula, akaambiwa alikula. Basi akasema simu irudishwe kwa mwenyewe, na kwamba madaftari yapewe mwongozaji, yote saba, pamoja na lile la nne.

Jumanne alisafishwa damu, na mwili ukakataa. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 21 Septemba 2023, saa nne na robo asubuhi, katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mumewe alikuwa amemshika mkono na binti yake amesimama miguuni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wawili na wadogo wawili. Ameacha pia mwongozaji na wenzake wanne, ambao kwa miaka tisa familia hii iliwaita watu wa filamu na haikuwakaribisha hata kwenye meza. Kuanzia leo wanahesabiwa nasi. Mdogo wa Marehemu, aliyemrudisha mwongozaji mlangoni mara mbili kwa uongo, anamwomba radhi mbele yenu nyote. Anamwomba asogee kutoka kule nyuma alikosimama, aje hapa kaburini, atie udongo pamoja na watoto.

Dada yetu alichoka sana. Mwenyezi Mungu ampe pumziko, na amani isiyomtaka aangalie chochote.