Mgeni Aliyeugulia Nyumbani Kwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kasulu. Nasema tena, asifiwe. Nimekaa juu ya magunia ya maharage kutoka Kibondo mpaka hapa, mgongo unaniuma, lakini furaha niliyo nayo isingekubali kusubiri Jumapili nyingine.

Mnaniona nimesimama hapa na kitenge changu, mnasema huyu mama amebarikiwa. Ni kweli. Lakini mimi niliitwa mchawi. Waha wenzangu, kwa lugha yetu ya nyumbani niliitwa umulozi, na mnajua neno hilo linavyomwua mtu angali anatembea.

Ilikuwa hivi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, watu waliokuwa wakikaa mbalimbali wakawa wanasikilizana wakikohoa. Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mkonge. Nilikuwa peke yangu na wanangu wawili. Mara surua ikaingia. Ndugu zangu, mstari wetu ule ulilia. Jirani yangu Mama Yosia alimzika mwanawe wa mwisho, mtoto aliyekuwa ameanza tu kutembea. Wangu waliugua sana, macho yakajifunga, ngozi ikawabanduka, lakini wakapona. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Majirani waliposikia shukrani ile, wakaanza kuulizana kwa nini wa kwangu tu ndio waliopona.

Tangu hapo hakuna aliyekuja kuomba moto kwangu. Nikifika kisimani, wanawake wanajitwika mitungi nusu tupu na kuondoka. Hata kanisani nilikaa benchi peke yangu, na mzee wa kanisa akaniambia kwa upole, "Mama Enoki, labda ungepumzika kidogo nyumbani mpaka maneno yatulie." Nyumbani nako nilikuwa napumzika na nani? Nikaamua kwamba nikishavuna maharage nitawachukua watoto twende kwa kaka yangu, kule kijiji cha Heru Juu.

Katika hali hiyo wakaja wageni. Kanisa letu lilikuwa na kuta lakini halina paa, na sharika za ng'ambo zilikuwa zimewatuma watu wakae nasi kwa muda mfupi, watusaidie kuezeka na kuhubiri. Walikuwa mzee mmoja fundi seremala, nesi anayeitwa Karin, na Mwinjilisti Lameki, Mgogo wa Dodoma, aliyekuwa anawatafsiria. Kijiji kizima kilitoka kuwapokea kwa ngoma na vigelegele. Mimi niliwatazama kupitia uwazi wa mlango wangu.

Mchana huohuo ikanyesha mvua kubwa, hema la yule nesi likajaa maji. Akakimbia na sanduku lake mpaka kibaraza cha kwanza alichokiona, na kilikuwa changu. "Hodi," akasema, amelowa chapachapa. Nikamkaribisha, nikamkalisha karibu na jiko, nikampa ugali wa muhogo na maharage. Alikula kwa mkono, akaomba mwingine. Jioni mzee wa kanisa akaja na Mwinjilisti Lameki kumhamisha, akasema amepangiwa nyumba nyingine. Karin akaangalia kitanda cha kamba nilichomtandikia, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hapa pazuri. Mimi nalala hapa." Ndugu zangu, nililia. Ilikuwa miezi tangu mtu mzima aseme kwangu pazuri.

Siku zikaenda vizuri. Mchana alitibu watoto, jioni alinifundisha tenzi za kwao nami nikamfundisha zetu. Mzee fundi na Mwinjilisti wakaondoka na Landrova kuja hapa Kasulu kuchukua mabati. Nyuma yao mvua ikaharibu barabara. Na hapo ndipo Karin akaanguka.

Alirudi kutoka kutibu watu akitetemeka, meno yanagongana. Akaniambia ni malaria, akanionyesha vidonge vya kumpa, lakini kila alichomeza alitapika. Kesho yake alikuwa anaongea lugha ya kwao na watu ambao hawakuwepo. Habari ikatembea upesi. Nikasikia wanaume wanasema nje, kwa makusudi nisikie, "Sasa amemla na mzungu."

Nilipiga magoti. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, Bwana, huyu akifa, wataniua mbele ya wanangu. Wewe unajua sikumfanyia kitu mtoto wa mtu. Mponye. Nikainuka nikaendelea kumpangusa kwa kitambaa cha maji na kumnywesha uji mwembamba, kijiko kimoja, kimoja. Nikawa nasaga kidonge nakichanganya na uji ule, akitapika naanza upya.

Nilipogeuka, nikamwona Mama Yosia amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kuona mgeni akifa, baadaye aliniambia mwenyewe. Hakuingia. Wakati huohuo Karin akashikwa na mtetemeko mkubwa, akawa anataka kudondoka kitandani, nami nilikuwa sijalala, mikono haina nguvu. Nikamwambia, "Mama Yosia, peke yangu siwezi. Njoo unishikie."

Alinitazama. Akatazama kizingiti changu kana kwamba ni mto. Kisha akavua viatu, akaingia.

Ndugu zangu, tulimshika yule binti wa watu pamoja, yeye kichwani, mimi miguuni. Mama Yosia akachukua kijiko mkononi mwangu bila kuniuliza. Tulipokuwa tunamnywesha, akauliza akiwa ameinamisha uso, "Wako uliwafanyia hivihivi?" Nikasema, "Hivihivi. Uji na maji na kumwomba Mungu." Akachota kijiko kingine. Halafu akasema, "Na mimi wangu nilimfanyia hivihivi." Akaanza kulia kilio ambacho nadhani hakikuwahi kutoka siku ya maziko. Nikalia naye. Nikamwombea mwanawe aliyelala kaburini kwa jina lake, nikamwambia nimekuwa nikimtaja katika maombi kila siku, ila sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mchana jua likiwa kali, wanaume wakaja na fimbo, mzee wa kanisa akiwa nyuma yao. Wakaniita nitoke. Mama Yosia akatoka badala yangu, akasimama mlangoni na kile kijiko mkononi.

"Mnamtaka nani?" akauliza.

"Unajua tunayemtaka. Ndiye aliyemla mwanao."

"Mwanangu alikufa kwa surua," akasema. "Nilimzika mimi, sikuwaona ninyi mkimwosha. Mgonjwa amepata usingizi humu ndani, mnampigia kelele. Rudini majumbani."

Mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitupa fimbo chini. Wengine wakamfuata.

Karin hakutapika kidonge cha jioni. Homa ikashuka. Landrova iliporudi na mabati, Mwinjilisti Lameki aliingia kwangu mbio akifikiri anakuta msiba, akamkuta ameketi anamenya maharage na Mama Yosia, wanacheka. Haleluya! Paa lile lilipopigwa msumari wa mwisho, tuliimba mpaka sauti zikakauka, na Mama Yosia akasimama mbele ya usharika wote, akanishika mkono, akasema, "Huyu ni dada yangu. Anayemgusa, amenigusa." Na yule mzee wa kanisa akaja mbele yetu akaomba radhi.

Wageni waliondoka. Walikuja kutusaidia, wakatusaidia kweli, lakini Karin alipokuwa anaagana aliniambia kwamba atakwenda kuwaeleza kwao jinsi wanawake wawili wa Kibondo walivyomrudishia uhai. Sikuhama. Msimu wa mvua uliofuata, binti yake Mama Yosia akaja anahema shambani kwangu. "Mama ameshikwa na uchungu. Anasema uje. Anasema mtoto asipokelewe na mtu mwingine."

Nilitupa jembe nikakimbia. Ndugu zangu, mimi, niliyeambiwa nakula watoto, nilimpokea yule mtoto kwa mikono hii, akilia kwa nguvu zote, na mama yake akaniambia, "Mpe jina wewe."

Nimemwita Shukrani.

Kama uko hapa umepakaziwa neno ambalo si lako, na umechoka kujitetea, Yesu huyu anakujua. Mwamini, usiogope. Na kama wewe ndiye uliyesimama mlangoni kwa mwenzako ukisubiri aanguke, leo ingia, umshikie. Njoo hapa mbele, tuombe wote.