Liyema Yuko Mgongoni

Nosipho alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yote alikuwa ameyapeleka kiti cha mbele. Hapo bibi mmoja wa mtaa wa Khayelitsha alikuwa ameketi ukingoni, mgongoni amembeba mjukuu wa miaka mitano ndani ya blanketi, miguu ya mtoto ikining'inia karibu na sakafu ya basi.

"Mgonjwa huyo, mama?" akauliza muuza samaki aliyekaa naye.

"Alipasuliwa moyo akiwa na siku sita tu. Leo daktari anampima kama anaweza kuanza shule Januari. Eti aruke kwa mguu mmoja, ataje na jina lake!"

"Anaruka?"

"Nani amruhusu? Nitamwambia daktari nyumbani anaruka vizuri tu."

"Na jina?"

"Nitalitaja mimi."

"Basi Januari unaanza shule wewe! Sare umeshashonewa?"

"Cheka tu. Wewe hukumwona amejaa mipira ya kupumulia puani, kifua kama cha kifaranga."

Nosipho akafunua ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

"Pole, mama. Haya mtoto, unaitwa nani?" akauliza muuza samaki.

"Anaitwa Liyema," akajibu bibi.

Basi likasimama hospitalini. Bibi akainama, akalegeza blanketi ajifunge upya. Mtoto akateleza hadi chini, akaelekea mlangoni kwa mguu mmoja, akishika kiti hiki na kile, akamwambia dereva, "Mimi Liyema!"

"Mshikeni! Moyo! Moyo!" bibi akapiga kelele, bado ameinama, mgongoni hana mtu.

"Moyo wa nani, mama?" akauliza muuza samaki. "Maana anayehema hapa ni wewe."